Harufu Ambayo Mke Wangu Hakuitaja

Mke wangu alikuwa na tabia ya kunong'ona. Si kwamba alikuwa na siri. Hakuwa na siri hata moja. Lakini habari yoyote, hata ya kuku kutaga nje ya banda, alipenda kuniletea karibu na sikio, mkono wake ukiwa begani kwangu, na alicheka kabla hajafika mwisho. Wakati huo tulikuwa wapya katika ndoa. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha shule ya msingi huku Gitting, chini ya Mlima Hanang. Yeye alikuja kutoka kwao Nambis, upande wa Mbulu, na begi moja la nguo na vitunguu saumu vya mbegu alivyovifunga ndani ya soksi. Baridi ya Gitting ilimshangaza, ingawa kwao nako ni baridi. Jioni tulikaa jikoni kwenye benchi fupi, blanketi moja tumejifunika wawili, tukingoja maharage yaive. Maharage ya huku yanachelewa kuiva. Sikuwahi kulalamika.

Nayasema haya kwanza kwa sababu nikieleza yaliyofuata bila haya, mtu anaweza kudhani nilikuwa na ndoa mbaya. Nilikuwa na ndoa nzuri iliyoanza kupoa, na sikujua inapoa kwa nini.

Haikuwa siku moja. Watoto wetu wawili walikua, mkubwa akaenda chuo, mdogo akaenda shule ya bweni, nyumba ikabaki na sisi. Nilikuwa nimeingojea hali hiyo kwa hamu. Badala yake mke wangu alianza kukaa upande wa pili wa moto. Alisema moshi unamfuata akikaa upande wangu. Siku nyingine upepo uligeuka, moshi ukamwendea kule kule aliko, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini hakuhama. Kitandani akawa analala ameelekea ukutani. Nilipomuuliza, alisema mgongo unamuuma na ubavu ule ndio unampa nafuu. Nikamnunulia dawa ya kuchua. Alinishukuru, akaitumia, na akaendelea kuelekea ukutani.

Wakati huo huo kinywa changu kilikuwa na mambo yake, ila sikuyaunganisha. Meno yangu ni ya kahawia tangu utoto, kama ya wengi tuliokulia huku, kwa sababu maji ya visima vyetu yana madini yanayoyapaka rangi. Kwenye chuo cha ualimu, wenzangu wa mikoa mingine walinitania sana, nami nikajifunza kucheka nikiwa nimefunga mdomo. Kisha nikajiambia kwamba meno yaliyokwisha kuharibika rangi hayana cha kusafishwa. Nilipiga mswaki asubuhi tu, haraka haraka, kama mtu anayefagia uwanja wa jirani. Nilipofika miaka arobaini na kitu, fizi zikaanza kutoa damu. Nikitema, povu linakuwa jekundu. Nikafikiri ninajiumiza kwa mswaki, nikafanya nilichoona ni busara: nikapunguza. Mwisho nikaacha kabisa, nikawa nasukutua kwa maji. Damu niliyokuwa naiona ikapungua, nikajisifu kwamba nimejitibu mwenyewe bila hospitali. Gego moja la chini likaanza kucheza. Nikilisukuma kwa ulimi linainama. Nikawa natafunia upande mwingine.

Sasa ninapokumbuka, naona mke wangu alijaribu. Aliniletea mswaki mpya, laini, wa kijani. Nilimshukuru, nikauweka kabatini kwa ajili ya wageni. Akaja na karafuu kutoka duka la mjini Katesh, akasema zinasaidia kifua, niwe natafuna moja kabla ya kwenda kazini. Nilitafuna siku mbili, zikaniunguza ulimi, nikaacha. Akaanza kuweka peremende kwenye mfuko wa koti langu. Niliwagawia wanafunzi waliopata vizuri hesabu, nao wakazidi kupata vizuri. Nilipomsimulia jambo hilo alicheka sana, lakini alicheka akiwa amegeukia dirishani.

Shuleni nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, nami nikayasoma vibaya. Nikiinama kumwelekeza mwanafunzi, alijivuta nyuma mpaka akagonga dawati la mwenzake. Nikadhani ananiogopa, nikajitahidi kuwa mpole, nikainama zaidi. Kanisani ninaimba besi. Miaka mingi watu wa besi tulisimama tumebanana, bega kwa bega. Wakaanza kuniachia nafasi. Siku moja mwalimu wa kwaya akanihamishia mwisho wa mstari, karibu na dirisha. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mrefu, ukisimama pale tunapendeza." Mimi si mrefu. Nilisimama pale nikajiona nimeheshimiwa.

Huku kwetu mtu mzima haambiwi jambo la mwili wake na mtu mdogo. Utamwambiaje mtu uliyemwamkia shikamoo sasa hivi kwamba kinywa chake kinanuka? Na wa rika lako naye anaona haya, anangoja mwingine aseme. Kila mtu alingoja mwingine, kwa miaka minne.

Kisha mama mkwe akaanguka. Alikuwa anatoka shambani kwake Nambis na mzigo wa majani ya ng'ombe, akateleza kwenye mteremko, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani, ikawa lazima apate mtu wa kumgeuza, kumwogesha na kumpikia. Baba mkwe alikuwa amefariki zamani, na mke wangu ndiye binti pekee. Aliondoka Gitting na nguo za wiki mbili. Alikaa miezi saba.

Ajabu ni kwamba nilimpata tena kwenye simu. Alinipigia kila jioni, mama yake akiwa amekwisha kula. Alisema nyumbani mtandao haushiki, kwa hiyo anapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi na kusimama pale akiwa amejitanda shuka. Na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Alininong'oneza.

"Baba, sikia," alianza. "Leo mama kaniambia uji wangu ni kama gundi ya kubandikia karatasi. Kaumeza wote halafu ndio anasema!"

Akacheka kabla hajamaliza. Nami nilikuwa nimekaa jikoni peke yangu, simu nimeibana sikioni mpaka sikio likapata joto, na nikadhani joto lile ni pumzi yake. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na nane, na nilingojea jua lizame kama kijana aliyechumbia juzi. Siku ambayo hakupiga kwa sababu ya mvua, nilitoka nje mara tatu nikitazama upande wa Mbulu, kana kwamba ningeweza kuona kichuguu kile.

Ndipo wazo baya likaniingia. Inakuwaje mke awe karibu nami akiwa mbali, na awe mbali akiwa karibu? Nikajijibu kwamba anafurahi kwa sababu ameniondokea. Sauti yangu bado anaipenda, mwili wangu umemchosha. Nikasimama mbele ya kioo nikatazama tumbo langu na mvi zangu. Sikufungua mdomo.

Shule zilipofungwa nilimfuata. Nilipanda basi Katesh, nikashuka Dareda, nikapata gari jingine la kupandisha mlima kupitia Dongobesh hadi Mbulu. Nilikuwa nimevaa shati analolipenda. Ukungu ulikuwa mzito kule juu, lakini abiria wa pembeni yangu alifungua dirisha, akakaa na baridi ile njia nzima. Nikamsifu moyoni kwa kupenda hewa safi.

Mke wangu alinipokea barabarani. Aliponiona nimeshuka alikimbia, nami nikaweka begi chini ili nimpokee. Alipobakiza hatua mbili tu akapunguza mwendo, akaliinua begi kwa mikono miwili, begi likawa katikati yetu.

"Karibu, Baba. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Umekonda," nikasema.

Akageuza uso kama mtu aliyeitwa na mwingine. Nikatazama alikogeukia. Hakukuwa na mtu.

Siku ya tatu asubuhi mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye godoro barazani, juani, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa hana jino hata moja, mashavu yameingia ndani, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kiiraqw, lakini mikono yake ilichambua maharage upesi kuliko ya kwangu. Alimtuma mke wangu kwa jirani akaombe maziwa. Maziwa yalikuwepo, niliyaona mwenyewe. Mke wangu aliondoka bila kubisha na bila kunitazama.

"Mwalimu, sogea," mama mkwe akasema.

Nikasogeza kigoda. Mkwe ni mtu wa kukaa naye kwa adabu, mbali kidogo, kwa hiyo sikusogea sana.

"Sogea zaidi. Niambie habari za shule."

Nikaanza kumweleza kuhusu mitihani na paa la darasa lililong'oka kwa upepo. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anasikiliza kwa makini.

"Basi, inatosha," akasema. "Nilitaka kuhakikisha mwenyewe nisije nikakuonea. Mwanangu, kinywa chako kinaumwa."

"Hapana, mama, siumwi jino. Kuna gego linacheza tu, haliniumi."

"Sikusema jino linauma. Nimesema kinywa kinaumwa. Kinanuka."

Nilisikia ng'ombe anakojoa zizini. Nilisikia kila kitu. Yeye aliendelea kuchambua, akitupa mbovu kwa kuku.

"Ni vitunguu saumu, mama," nikasema mwishoni. "Jana kwenye mboga..."

"Vitunguu saumu nimelima tangu sijaolewa. Navijua. Hii siyo vitunguu. Hii ni harufu ya kidonda."

"Mke wangu ndiye amekuambia?"

"Alikuwa analia, nikamuuliza analia nini. Akasema, mama, nampenda, lakini siwezi kumkaribia, na kumwambia siwezi. Nikamwambia basi niachie mimi. Mimi na nyonga hii nimebakiza nini cha kuogopa?"

Nilitaka kuinuka niondoke. Adabu ndiyo iliyonizuia. Huwezi kuinuka mkwe anapoongea. Akaweka ungo pembeni.

"Baba mkwe wako alinihama. Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Alihamia chumba cha ndama. Akasema anawalinda na fisi. Miaka sita anawalinda ndama na fisi! Mimi nikajua amepata mwanamke kule Maretadu, kwa sababu alikuwa anakwenda huko kununua mahindi. Nikamchukia. Nikampikia nimenuna miaka yote hiyo. Na mimi huku meno yanaoza, fizi zinatoka usaha, naona ni uzee tu, mama yangu naye alikuwa hivyo. Yakang'oka yote. Alipokuwa mgonjwa wa kufa ndipo akaniambia. Akasema, sikuwa na mwanamke, ilikuwa ni mdomo wako, niliona haya kukuambia. Nikamuuliza, mbona unaniambia leo? Akasema, leo haunuki tena."

Akacheka, midomo ikaingia ndani. Kisha akaacha kucheka, akabaki anautazama mkono wake.

"Meno yaliisha na harufu ikaisha, lakini hakurudi chumbani. Alikuwa ameshazoea kule. Ningepata mtu wa kuniambia mapema, Mwalimu, ningempa mbuzi."

Nilimwambia asante. Nikaenda mpaka mwisho wa shamba la vitunguu saumu, nikakaa kwenye jiwe. Nikalamba mgongo wa mkono, nikangoja ukauke, nikanusa. Mama mkwe hakuwa amenionea. Ilikuwa harufu ya kitu kilichosahaulika chini ya mtungi. Basi vyote vikarudi kwa wakati mmoja: dawati lililogongwa, mwisho wa mstari wa besi, dirisha la basi, begi lililoinuliwa kwa mikono miwili. Nililia. Nililia kwa aibu kwanza, halafu nikajikuta nalilia miaka minne ya mgongo wa mke wangu.

Alinikuta pale. Maziwa alikuwa nayo bado mkononi.

"Ameshakuambia," akasema.

"Ameniambia." Nilikuwa nimefunika mdomo kwa kiganja. "Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningeanzaje, Baba? Nilikuletea mswaki ukauwekea wageni. Nilikuwekea peremende ukawapa wanafunzi. Kila Jumamosi nilipanga kusema. Nikikutazama naona utaumia, nasema wiki ijayo. Wiki zikawa nyingi, mwisho nikaogopa hata zaidi, kwa sababu ungeniuliza mbona hukusema zamani. Kama unavyoniuliza sasa."

"Ulikuwa umenichoka?"

"Hapana." Alikaa chini, hatua chache kutoka kwangu, akaweka maziwa kwenye majani. "Nilikuwa nakukumbuka. Upo pale pale ndani ya nyumba, na mimi nakukumbuka. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia kwenye kichuguu. Kwenye simu nilikuwa nakupata mzima mzima."

Nilikuwa nimefikiri kwamba hamu ile ni yangu peke yangu.

Nilirudi Hanang kabla likizo haijaisha, nikaenda hospitali. Daktari wa meno alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniambia nikae kwenye kiti, nifungue mdomo. Nilifungua kidogo.

"Fungua, Mwalimu. Nisipoona sitibu."

Nikafungua. Nilimtazama usoni nione kama atarudi nyuma. Alisogea karibu.

"Ukipiga mswaki unatoa damu?"

"Nilipokuwa napiga."

"Uliacha?"

"Niliacha ili damu ikome."

Hakunicheka. Alinipa kioo, akanielekezea taa mdomoni. "Hii rangi ya kahawia ni ya maji tuliyokunywa utotoni, hata mimi ninayo, haina ubaya. Tazama hapa chini, kwenye mzizi. Huu ni ugaga. Ulianza kama ukoga laini ambao mswaki ungeutoa, ukakaa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, ukaingia chini ya fizi. Vijidudu vinaishi humo, na harufu inatoka humo. Fizi ikitoa damu ndiyo inahitaji kusafishwa zaidi, taratibu, kwa mswaki laini. Ukiiacha, inaachia jino. Hili gego limeshaachiwa."

Akaagiza nipimwe na sukari, kwa sababu mwenye kisukari fizi humharibikia upesi. Majibu yalikuwa mazuri. Akaanza kukwangua. Alikwangua upande mmoja siku hiyo na upande mwingine wiki iliyofuata, na gego pamoja na jirani yake akayang'oa kwa sindano ya ganzi. Gego lilitoka karibu bila kuvutwa. Kila alipotoa pamba mdomoni nilisikia ile harufu, nikaona haya sana.

"Samahani, daktari," nikasema, ulimi mzito kwa ganzi.

"Samahani ya nini? Harufu ni dalili, kama homa. Mtu haombi msamaha kwa kuwa na homa. Anakuja kutibiwa."

Nikaondoka na maelekezo: mswaki asubuhi na usiku bila haraka, uzi kati ya meno, ulimi nao usafishwe mpaka nyuma, maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka vidonda vipone, na nirudi kuonwa tena. Wiki ya kwanza povu lilikuwa jekundu, nikatamani kuacha kama zamani. Sikuacha. Wiki ya tatu lilitoka jeupe. Nilisimama uani na kikombe mkononi nikalitazama lile povu kwenye majani, na mtu wa kumwita aje alione hakuwepo.

Jioni nilimweleza kwenye simu. Akasema, "Subiri, nampelekea mama habari." Akatelemka kichuguu, mtandao ukakatika. Akapanda tena, akapiga, akasema mama anataka kuletwa kichuguuni. Kesho yake kweli walimbeba, yeye na jirani, wakamkalisha juu ya kichuguu na mto chini ya nyonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umetoa mangapi?"

"Mawili, mama."

"Mawili tu? Mimi nilitoa yote. Bado sijashindwa." Nikamsikia anacheka, na mke wangu anacheka nyuma yake. "Yatunze yaliyobaki. Ukija utakaa hapa karibu uniambie tena habari za lile paa. Siku ile sikusikia hata neno."

Nilimwahidi nitakwenda likizo ijayo. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, na nilikuwa nimepanga mbuzi pia, kwa sababu alitaja mbuzi. Nilinunua jike jeupe kwa jirani, nikamfunga nyuma ya nyumba. Lakini baridi ya mwezi wa saba ilimkuta mama mkwe bado kitandani, akapata kichomi, na siku ya nne mke wangu alinipigia saa ambayo si yetu ya kupigiana. Nikajua kabla hajasema.

Tulimzika Nambis, kando ya mume wake. Watu walikuwa wengi, tukasimama tumebanana kaburini, na kila aliyenipa pole alinipa kwa karibu, mkono kwa mkono, uso kwa uso. Hakuna aliyerudi nyuma. Nilikuwa nimeingojea siku ya namna hiyo bila kujua naingojea, na ilipofika, mtu niliyetaka kukaa karibu naye alikuwa ndani ya sanduku. Yule mbuzi nilikuwa nimekuja naye. Alichinjwa msibani pamoja na wengine. Sikumwambia mtu alikuwa wa nini.

Mke wangu alirudi Gitting baada ya arobaini. Ningependa kusema kwamba aliingia mlangoni tukawa kama zamani, lakini haikuwa hivyo. Alilala ameelekea ukutani usiku ule, na wiki ile, na wiki iliyofuata. Asubuhi moja akakaa kitandani akasema, "Baba, si wewe. Naamka najikuta nimegeuka. Mwili umezoea." Nilimwambia hakuna haraka. Nilikuwa naogopa yasije yakatupata ya baba mkwe, aliyebaki chumba cha ndama hata baada ya fisi kwisha.

Tena mimi mwenyewe nilikuwa na mazoea yangu mapya. Nilikuwa naongea naye nikiwa nimeweka kiganja mdomoni. Nilisimama mlangoni badala ya kuingia. Mezani nilivuta kiti nyuma. Nilikuwa nimejifunza kukaa mbali na watu wakati huo huo ambao watu walikuwa wameacha kukaa mbali nami.

Jumapili moja tukiwa tunakula makande, nilikuwa namweleza habari ya mtoto wetu mkubwa anayetaka kuleta mchumba. Nilieleza kwa urefu, mkono mdomoni.

"Toa mkono," mke wangu akasema.

"Nini?"

"Toa mkono, nakusikia nusu nusu. Huyo mchumba ni wa wapi?"

Nikautoa. "Wa Dongobesh," nikasema.

"Dongobesh kwa nani?"

Hilo sikulijua, naye akakasirika kwamba sikuuliza jambo la maana kama hilo, akavuta kiti chake mpaka karibu na changu, akachukua simu yangu mfukoni mwa shati ampigie mtoto mwenyewe.